Binti Yangu Katika Nyumba ya Mama Mwingine



Akina mama wawili wa usharika wetu wamenijia kwa nyakati tofauti na swali moja: wamruhusu mtoto aende kusoma ng'ambo mwaka mzima, alale katika nyumba ya watu wasiowajua, au wakatae? Wamenijia mimi kwa sababu binti yangu alikwenda akarudi. Niliwajibu kwa haraka pale nje ya kanisa, kisha nikafika nyumbani nikaona sikuwajibu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Binti yangu aliondoka hapa Muheza mwezi wa Agosti 2018, akiwa na miaka 16 na yuko kidato cha tatu. Alikwenda katika mji mdogo wa jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Mpango uliompeleka unaitwa YES. Ulianzishwa na Serikali ya Marekani mwaka 2002, baada ya yale mashambulizi ya Septemba 2001, kwa juhudi za maseneta wawili, Edward Kennedy na Richard Lugar. Nia yake ilikuwa vijana wa nchi zenye Waislamu wengi wakaishi Marekani mwaka mmoja wa masomo, wafahamiane na watu wa kule. Tanzania na Kenya zilikuwa miongoni mwa nchi hizo, na mtoto wa Kikristo hakuzuiwa kuomba. Nauli, bima ya afya na posho kidogo ya kila mwezi vililipwa na mpango wenyewe.

Kabla yake ilikuwapo mingine. Shirika la AFS lilianza mwaka 1915 kama kikundi cha Wamarekani waliojitolea kuendesha magari ya wagonjwa katika vita kule Ufaransa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wale wale waliokuwa wakibeba majeruhi wakageukia vijana, na mwaka 1947 wakaanza kupeleka wanafunzi wa sekondari nchi kwa nchi. Mimi muuguzi, habari hiyo ilinipendeza sana.

Swali la kwanza nililoulizwa na majirani lilikuwa, "Hao Wazungu wanalipwa kiasi gani kumkalisha?" Jibu ni kwamba hawalipwi. Kwa taratibu za Marekani, familia inayompokea mwanafunzi wa mpango kama huu inajitolea. Inampa kitanda chake mwenyewe, chakula na malezi. Kila mtu mzima wa nyumba hiyo huchunguzwa kama ana rekodi ya uhalifu, nyumba hukaguliwa, na yupo mratibu wa mahali pale anayepaswa kuwasiliana na mtoto kila mwezi. Niliposikia hawalipwi nilifurahi, kisha nikaogopa. Mtu unayemlipa unaweza kumdai. Mtu asiyelipwa utamwambia nini?

Sasa niwaeleze habari ya friji. Jioni ya kwanza mama mwenyeji alimfungulia binti yangu friji na makabati, akamwambia kwamba akisikia njaa ajihudumie. Kwa yule mama huo ulikuwa ukarimu wote. Kwa binti yangu, aliyelelewa katika nyumba ambamo mgeni huletewa chakula na kusihiwa aongeze, maneno yale hayakuwa makaribisho hata kidogo. Kule chakula cha jioni huliwa saa kumi na mbili, na baada ya hapo kila mtu hujitafutia. Mtoto akawa analala na njaa, friji limejaa hatua kumi kutoka kitandani kwake. Asubuhi akiulizwa kama amekula vizuri anajibu ndiyo, huku ameinamisha macho, kama tulivyomfundisha kwamba mtoto hamkazii mtu mzima macho. Mama mwenyeji naye akawa anajiuliza, huyu mtoto ananificha nini? Mbona hanitazami usoni?

Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba nampigia kila siku, wakati mwingine mara mbili, na kila siku nauliza umekula nini. Mratibu akanitumia ujumbe wa upole kwamba simu nyingi humzuia mtoto kuzoea, nijitahidi kupunguza. Nilikasirika. Nikamwambia baba yake, "Yaani nimwombe mtu ruhusa ya kuzungumza na mwanangu?" Baba yake akanyamaza. Ni desturi yake akiona nimekosea.

Kilichoniuma zaidi lilikuwa jambo dogo sana. Yule mama alitaka aitwe kwa jina lake tu, kama wafanyavyo wengi kule. Binti yangu hakuweza. Kumwita mtu wa makamo ya mama yako jina tupu, mdomo wenyewe unakataa. Wakakubaliana amwite "Mama." Siku moja tukiwa kwenye simu nikasikia, "Mama!" Nikaitika. Kumbe hakuniita mimi. Mtu alikuwa akigonga mlango, naye alikuwa anamwita mwenye nyumba. Tukaendelea kuzungumza, lakini baada ya kukata simu nilikaa jikoni muda mrefu, chungu kikaungulia motoni. Nasema kweli mbele za Mungu, nilimwonea wivu mwanamke ambaye sikuwahi kumwona, anayelisha mtoto wangu bure.

Wiki ya nne ikaja homa. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, najiandaa kwenda zamu. Kwao ilikuwa saa nne usiku. Binti yangu ananiambia kwa sauti ya kunong'ona kwamba ana siku mbili anatetemeka, kichwa kinamgonga, ametapika mara moja. Nikamuuliza, mama mwenyeji anasemaje? Akajibu, "Sijamwambia. Nimeshawasumbua vya kutosha. Halafu wamelala."

Wenzangu, nilihisi miguu imeisha nguvu. Mtu anaweza kuondoka huku na vimelea vya malaria mwilini, na homa ikaja wiki kadhaa baadaye, akiwa katika nchi ambayo daktari anaweza kukaa miaka bila kuona mgonjwa wa malaria. Marekani nzima hupata wagonjwa kama elfu mbili kwa mwaka, karibu wote ni wasafiri. Huko homa ya Septemba ni mafua. Na malaria ile kali tuliyo nayo sisi haingoji, ikicheleweshwa inaua.

Tena niliyajua maneno yale: usiwasumbue watu. Ni mimi niliyempa. Ukiwa kwa watu usiombe-ombe, usilalamike, ukipewa kidogo shukuru. Nilimfundisha hivyo tangu anajifunza kutembea, na usiku ule adabu ile ile ilikuwa inamzuia kugonga mlango.

Nikamwambia, "Chukua karatasi." Nikamsomea sentensi moja aiandike kwa Kiingereza: nimetoka Tanzania wiki nne zilizopita, nina homa, naomba nipimwe malaria. Kisha nikamwambia, "Sasa nenda ukagonge mlango wa mama yako wa hapo." Akaanza kulia, anasema anaona haya. Nikamwambia, "Mimi siwezi kufika. Yeye yuko hatua kumi. Nakata simu, na nisikupigie mpaka awe ameamka." Nikakata. Sijawahi kufanya jambo gumu kama lile, na nimezalisha wanawake usiku kwa taa ya chemli.

Alimwamsha. Yule mama alitoka na nguo ya kulalia, akavaa koti juu, akaendesha gari dakika arobaini. Hospitalini walianza kwa kusema ni mafua makali, aende nyumbani akapumzike. Mama mwenyeji akaitoa ile karatasi akaiweka mezani, akasema mama wa mtoto huyu ni muuguzi Afrika Mashariki, na hatuondoki mpaka apimwe. Wakampima. Vimelea vikaonekana.

Alilazwa siku tatu. Dawa aliyopewa ilikuwa ni ile ile ya mseto, artemether na lumefantrine, tunayoitoa hapa zahanati kila siku. Nilicheka na kulia. Nikamtumia ujumbe mama mwenyeji kwamba dawa hiyo inywewe pamoja na kitu chenye mafuta, kwa mfano maziwa, ili mwili uipokee vizuri. Kumbe tangu afike binti yangu alikuwa anayakataa maziwa baridi wanayokunywa na chakula. Akayanywa.

Tangu siku hiyo sisi wawili, mimi na yule mama, tukawa na mazungumzo yetu. Aliniuliza ni nini kingine mtoto hamwambii. Nikamweleza habari ya macho kuinama. Nikamweleza kwamba akikataa chakula mara ya kwanza si kwamba hataki. Amwulize mara ya pili na ya tatu. Naye akanieleza kwamba kwao mtu akinyamaza huhesabiwa ana kinyongo, na kwamba alikwisha kulia chumbani kwake akidhani mtoto anaichukia nyumba yake. Wanawake wawili tunalia kwa ajili ya mtoto mmoja, kila mmoja upande wake wa dunia. Nikapunguza simu hadi Jumamosi, bila kulazimishwa na mratibu.

Baridi ilipokuja alipewa kazi. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alipewa chepe la kuondolea theluji mlangoni. Mwisho wa Januari 2019 baridi ilishuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, shule nyingi zikafungwa, na mtoto wa Muheza aliyezoea jua la machungwa akanitumia picha kope zake zina barafu.

Familia ile haikuwa ya kwenda kanisani, ila Krismasi. Binti yangu aliomba apelekwe. Kila Jumapili mama mwenyeji alimpeleka, akabaki ndani ya gari na kahawa yake akisoma kitabu mpaka ibada iishe, saa moja tu, si kama zetu. Baridi ilipozidi akaingia akakaa benchi la nyuma. Kwa sababu ya baridi, alisema. Kufika Aprili jua lilikuwa limerudi, na bado alikuwa anaingia. Mimi sikuuliza, na binti yangu nilimkataza kuuliza.

Kwa hao wawili walionijia, haya ndiyo niliyopaswa kuwaambia. Kadi ya kliniki ya mtoto itafuteni mapema. Shule za kule hudai chanjo ambazo hazimo katika ratiba yetu, kama matumbwitumbwi na tetekuwanga, na kovu la BCG begani laweza kufanya kipimo cha ngozi cha kifua kikuu kivimbe hata kama mtoto hana ugonjwa. Binti yangu alivimba mkono, watu wakahofu, picha ya kifua ikaonyesha hana neno. Jueni pia kwamba mwaka wa kule hauhesabiwi hapa. Wangu alirudi akaanza tena kidato cha tatu, wenzake wako mbele.

Na zungumzeni naye habari za mwili wake kabla hajaondoka, hata kama mnaona aibu. Ajue kwamba nyumba kukaguliwa si kinga kamili. Mtu yeyote akimgusa au kumsemesha vibaya, hata awe mwenye nyumba, aseme siku hiyo hiyo, na namba ya mratibu aijue kwa kichwa. Ana haki ya kuomba ahamishiwe familia nyingine. Mtoto aliyefundishwa kunyamaza tu hataitumia haki hiyo.

Alirudi Juni 2019. Nilimlaza ndani ya chandarua usiku wa kwanza, naye akalalamika kwamba yeye ni mzaliwa wa hapa. Kumbe kinga tunayojijengea kwa kuumwa mara kwa mara hupungua mtu akikaa mbali, na anayerudi anaweza kuumwa vibaya kuliko alivyokuwa akiumwa mwanzo. Kwa hilo nilikuwa tayari. Sikuwa tayari kwa siku nilipomgombeza naye akanitazama machoni, kwa utulivu, akasema, "Mama, naomba nieleze upande wangu." Shangazi yake akasema Marekani imemharibu. Mimi nilikaribia kusema hivyo hivyo. Nikakumbuka ule usiku, nikavuta kigoda nikamsikiliza. Siku nyingine sikuweza, nikamfukuza jikoni. Miezi ile haikuwa myepesi, na bada hakuitaka kwa wiki mbili.

Mwaka 2023 usharika wetu ulipokea vijana kutoka usharika rafiki wa Ujerumani, mimi nikapewa msichana wa miaka 18. Jioni ile nilimwekea wali wa nazi na samaki, nikamsihi aongeze mara tatu, akasema ameshiba mara zote tatu. Binti yangu alikuwa nyumbani kwa likizo. Akaniambia, "Mama, huyu akisema ameshiba, ameshiba. Mwache. Ila muonyeshe chupa ya chai ilipo."

Nikamshika mkono mgeni nikamwonyesha: chai hii hapa, mkate huu, ndizi zile pale, choo kule, taa inawashwa hivi. Halafu nikampeleka mpaka mlango wa chumba changu, nikaugonga mwenyewe mara mbili ili aone unavyogongwa.

Saa sita usiku aliugonga. Tumbo lilikuwa linamuuma.