Sala ya Miguel na Nyumba ya John: Vitabu Viwili juu ya Kukua kwa Mtoto

Mwili wa mtoto hukua kwa chakula na usingizi. Roho yake haikui hivyo. Mt. Luka (2, 52) atufundisha kama Bwana Yesu mwenyewe alikua, si kwa kimo tu, bali na kwa hekima pia. Basi sisi tunaofundisha watoto tunapashwa kujua kukua huko kunakwenda namna gani. Vitabu viwili vya hadithi vya Marekani vyaweza kutusaidia.

Tangu mwaka 1922 chama cha watunzaji wa nyumba za vitabu vya Marekani hutoa kila mwaka medali kwa kitabu kimoja cha watoto kilichopita vingine kwa uzuri. Medali hiyo yaitwa Newbery, jina la mwuza-vitabu wa London wa karne ya 18. Mwandishi wa kwanza kuipata mara mbili ni Joseph Krumgold: mwaka 1954 kwa kitabu « ...And Now Miguel », na mwaka 1960 kwa « Onion John ». Katika vyote viwili anayesimulia ni kijana wa miaka 12.

Miguel Chavez ni mtoto wa wachungaji wa kondoo katika nchi ya New Mexico, jamaa ya Wakristo wakatoliki wenye kusema Kispanyola. Kila mwaka, wakati wa joto, wanaume hupeleka kondoo kwenye milima ya Sangre de Cristo, maana yake Damu ya Kristo. Miguel atamani kwenda nao, lakini aonekana angali mdogo. Hata alipotafuta kondoo waliopotea na kuwapata, baba hakukubali. Basi akamwomba Mt. Isidori, mkulima wa Madrid, msimamizi wa wakulima, ambaye sikukuu yake ni tarehe 15 Mei. Kisha barua ikafika: mkubwa wake Gabriel aitwa katika uaskari. Mtu mmoja akapunguka katika safari. Miguel akapata ruhusa.

Je, afurahi? Hapana, moyo wake wahangaika. Awaza kama sala yake ndiyo iliyomwondoa ndugu yake nyumbani.

Mwalimu wa dini, mtoto akikujia na neno hilo, utamjibu nini? Wengine watamwambia: « Nyamaza, huo ni utoto. » Wengine watamtisha: « Umeona? Usiombe tena ovyo. » Majibu yote mawili ni mabaya. La kwanza lamfundisha kama sala si kitu. La pili lamfundisha kama Mungu ni mjanja anayewatega watoto wake. Mt. Tomaso wa Akwino aeleza (II-II, q. 83, a. 2) kama hatusali kusudi tugeuze shauri la Mungu, tunasali kusudi tupate yale ambayo Mungu alipanga tangu milele yapatikane kwa njia ya sala. Basi mtoto aambiwe wazi: barua ile ilitoka kwa serikali, nayo sala yako haikumdhuru ndugu yako. Tena aonyeshwe Bwana Yesu katika bustani ya Getsemani: aliomba kwa nguvu lile alilotaka, kisha akaliweka mikononi mwa Baba. Mtoto anayejifunza kuomba hivyo amekwisha kuanza kuwa mtu mzima.

Kitabu cha pili chatuonyesha taabu nyingine. Andy Rusch ana rafiki, mgeni mmoja mzee aitwaye Onion John, anayeishi kwa namna yake na ambaye watu hawasikii vizuri maneno yake. Watu wa mji, kwa wema, wamjengea nyumba mpya. Hajui kuitumia vizuri, nayo yaungua. Tena wataka kumjengea nyingine, bila kumwuliza kama aitaka. Na baba ya Andy afanya vile vile na mwana wake. Yeye zamani alitamani kuwa injenieri, hakuweza. Sasa ataka mwana afike pale aliposhindwa baba. Mwishoni afahamu kama mtoto si shamba la kupanda tamaa za wazazi.

Hapa sisi mapadri tujichunguze. Mara ngapi twasema juu ya mtoto mwenye akili: « Huyu atakuwa padri », kabla hajaulizwa? Wito watoka kwa Mungu. Kazi yetu ni kuusikiliza na kuulinda. Baba anayemkataza mwana kwenda seminari, na baba anayemsukuma aende kwa heshima ya jamaa, wote wawili wasahau kama mtoto ni mali ya Mungu kwanza. Nanyi waseminari, jiulizeni mbele ya Tabernakulo: ninakaa hapa kwa tamaa ya nani? Anayejibu kwa kweli, hata akirudi nyumbani, hakupoteza miaka yake.