Kabla hujadai talaka mahakamani, panga makaratasi yako

Wengi wanaofika mahakamani kuomba talaka huwa wamejiandaa kwa jambo moja tu: kueleza walivyoteswa. Hakimu atasikiliza. Lakini mali na matunzo ya watoto huamuliwa kwa ushahidi, na ushahidi ni rahisi kuukusanya mkiwa bado mnaishi nyumba moja kuliko baada ya kitasa kubadilishwa.

Kwa Tanzania Bara, anza na baraza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upite kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, nalo litoe hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kikao cha wazee wa ukoo, hata kiwe na busara kiasi gani, hakitoi hati hiyo. Hati nayo ina umri: ikipita miezi sita haifai tena kufungulia shauri, hivyo usiifungie kabatini ukisubiri mwenzako abadilike. Zipo hali zinazosamehewa, kwa mfano umetelekezwa na hujui mwenza aliko. Ukiruka hatua hii bila sababu, kesi inaweza kufutwa hata ikiwa imeshafika rufaa, mkaanza upya. Na ndoa ambayo haijafikisha miaka miwili huhitaji kwanza kibali cha mahakama.

Sasa mali. Kifungu cha 114 kinahusu mali iliyochumwa kwa jitihada za pamoja, na mahakama hutazama mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Mama asiye na mshahara huambiwa mtaani, "wewe hukuleta kitu." Si kweli. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango. Wanaolitaja shauri hilo husahau mwisho wake: Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa sababu mume alikuwa amempa fedha za biashara ya familia na ikaonekana alizitapanya. Kwa hiyo kama wewe ndiye unayeshika fedha za duka, ziandike kwenye daftari.

Piga picha hati ya nyumba au mkataba wa mauziano ya kiwanja, kadi ya gari, taarifa za benki, miamala ya simu, risiti za saruji na mabati, daftari la kikoba. Zihifadhi kwa ndugu unayemwamini. Fundi uliyemlipa kwa mkono wako ni shahidi mzuri, tafuta namba yake mapema. Orodhesha na madeni, maana mkopo uliochukuliwa kwa manufaa ya familia nao huingia kwenye hesabu.

Nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa yako, hata kama hati ina jina la mwenzako pekee. Ukiona dalali anapitapita, weka zuio kwa Msajili wa Hati. Kwa kiwanja kisichopimwa, peleka taarifa ya maandishi serikali ya mtaa, ambako mauziano mengi hushuhudiwa.

Kuhusu watoto, sheria huchukulia kwamba aliye chini ya miaka saba ni heri akae na mama, ingawa baba anaweza kuthibitisha vinginevyo. Andaa vyeti vya kuzaliwa na hesabu ya mwezi: ada, nauli, chakula, dawa. Ombi lenye hesabu humpa hakimu pa kushika.

Weka na akiba kwa jina lako. Mwenye nyumba atakudai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na watoto watakula siku hiyohiyo. Asiye na uwezo wa kulipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kama nyumbani kuna kipigo, mpangilio huu hauhusiki. Ondoka na watoto, nenda Dawati la Jinsia kituo cha polisi, chukua PF3 na utibiwe. Fomu hiyo nayo ni ushahidi. Hati ya kiwanja itafuatwa baadaye.