Miksi za bure mtandaoni: mali kauli yenye deni

MIKSI ya DJ inayotolewa bure kwenye intaneti haina bei kwa msikilizaji, lakini ina bei kwenye daftari la mtu mwingine. Mwenendo wa soko la muziki huko Marekani na Ulaya kwa takriban miaka 20 unaonyesha kuwa deni hilo hudaiwa hatimaye, na mara nyingi anayelipa ni yule ambaye hakulitarajia.

Waliokwisha kuonja joto hilo ni wa aina tatu: vijana wanaochanganya nyimbo nyumbani kwa kujifurahisha, kampuni za intaneti zinazowahifadhia miksi zao, na wenye mitaji walioweka fedha katika kampuni hizo. Wote walianza na dhana moja, kwamba kitu kisichouzwa hakidaiwi.

Sheria ya hakimiliki haikubaliani na dhana hiyo.

Bidhaa moja, wenye mali wawili

Kila wimbo uliorekodiwa ni mali mbili ndani ya bidhaa moja. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na sauti zake, ambao ni mali ya mtunzi au mchapishaji wake. Ya pili ni rekodi yenyewe, ambayo kwa kawaida ni mali ya kampuni iliyogharamia studio.

Kwa hiyo DJ anayeunganisha nyimbo 20 katika miksi ya saa moja na nusu anahitaji, kwa hesabu ya chini, ruhusa 40. Wimbo ukiwa na watunzi watatu wenye wachapishaji tofauti, idadi hiyo inapanda.

Kununua santuri au faili ya wimbo hakumpi mnunuzi haki hizo. Aliyenunua gunia moja la sukari hakununua kiwanda.

Aidha, leseni ya kupiga muziki ukumbini, ambayo kwa kawaida hulipiwa na mwenye ukumbi, haivuki mlango wa ukumbi huo. Miksi ikirekodiwa, imenakiliwa. Ikipakiwa kwenye intaneti, imewekwa mbele ya umma. Hayo ni matumizi mengine na yanahitaji ruhusa nyingine.

Kuna ma-DJ wanaoandika kwamba miksi yao ni ya kutangaza wasanii tu na haina faida ya fedha. Katika sheria ya Marekani, kutokufanya biashara ni kigezo kimoja kati ya vinne vinavyopimwa na mahakama katika utetezi wa matumizi ya haki. Peke yake hakitoshi. Kutaja jina la msanii ni ustaarabu mzuri, lakini hakuchukui nafasi ya ruhusa.

Hesabu ya hasara

Sheria ya Marekani inaruhusu mwenye kazi iliyosajiliwa kudai fidia bila kuthibitisha hasara aliyopata. Viwango kwa kila kazi ni hivi:

Kima cha chini cha kawaida: dola 750.
Kima cha juu cha kawaida: dola 30,000.
Kima cha juu pale mkosaji alipofanya kwa makusudi: dola 150,000.

Kwa miksi ya nyimbo 20 zilizosajiliwa, kima cha chini cha kawaida kinafikia dola 15,000. Fedha hizo zinaweza kudaiwa kwa kitu ambacho mwenyewe hakukiuza hata kwa senti moja.

Hata hivyo, wenye haki kwa kawaida hawahangaiki kumpeleka mahakamani kijana wa chumbani. Gharama za wakili zingezidi watakachopata. Wao huibana kampuni inayohifadhi miksi, na kampuni humbana kijana.

Atlanta 2007

Haikuwa hivyo siku zote. Januari 2007 polisi wa mjini Atlanta, wakishirikiana na chama cha kampuni za kurekodi za Marekani, RIAA, walivamia studio ya DJ Drama. Diski zipatazo 81,000 zilichukuliwa. Yeye na mwenzake Don Cannon walikamatwa kwa tuhuma chini ya sheria ya jimbo la Georgia inayohusu magenge ya uhalifu.

Kilichowashangaza wafanyabiashara wa muziki ni kwamba kampuni za kurekodi zenyewe zilikuwa zikinufaika na miksi za namna hiyo kuwatangaza wasanii wao. Mkono mmoja ulikuwa ukipeleka nyimbo kwa ma-DJ na mwingine ukiita polisi.

Desemba mwaka huo huo, albamu ya DJ Drama ilitoka rasmi kupitia kampuni ya Atlantic. Alikuwa mtu yule yule na ufundi ule ule. Tofauti ilikuwa makaratasi.

SoundCloud: ghala la mali kauli

Wakati polisi wakihesabu diski Atlanta, biashara ilikuwa inahamia kwenye intaneti. Mwaka huo wa 2007 Alexander Ljung na Eric Wahlforss walianzisha SoundCloud huko Sweden, na baadaye wakahamia Berlin. Mtu yeyote aliweza kupakia sauti yake na dunia ikasikiliza. Ma-DJ wasio na majina walipata duka lisilo na kodi ya pango.

Kampuni iliweza kufanya hivyo kwa sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1998 huikinga kampuni inayohifadhi vitu vya wateja, mradi ikiletewa taarifa ya malalamiko iondoe kilicholalamikiwa, na iwe na utaratibu wa kuwafungia wanaorudia kosa.

Kwa lugha ya sokoni, hiyo ilikuwa mali kauli. Bidhaa ilipokelewa kwanza, na mwenye mali alipokuja kudai ndipo mambo yalipozungumzwa.

Matatizo yalianza pale wenye mali walipokuja wote kwa pamoja. Mwaka 2014 hata DJ mkubwa wa Marekani, Kaskade, alilalamika hadharani kwamba kazi zake zilikuwa zikiondolewa kwenye akaunti yake. Agosti 2015 chama cha watunzi cha Uingereza, PRS for Music, kiliishitaki SoundCloud. Pande hizo zilipatana Desemba mwaka huo.

Leseni za kampuni kubwa za kurekodi zilikuja moja baada ya nyingine: Warner mwishoni mwa 2014, kisha Universal na Sony mwanzoni mwa 2016. Lakini leseni hizo zilikuja wakati mapato hayajakaa sawa. Kwa mwaka 2015 kampuni ilipata mapato ya takriban euro milioni 21, na hasara ya takriban euro milioni 51.

Julai 2017 wafanyakazi 173, yapata asilimia 40 ya wote, walipunguzwa, na ofisi za London na San Francisco zikafungwa. Agosti mwaka huo kampuni za Raine Group na Temasek ziliingiza dola milioni 169.5 kuinusuru. Thamani ya kampuni kabla ya fedha hizo ilihesabiwa kuwa dola milioni 150. Awali iliwahi kukadiriwa kuwa dola milioni 700.

Waliotangulia kuweka mitaji waliona thamani ya walichonunua ikiyeyuka. SoundCloud ilinusurika na ingali ikifanya kazi, lakini chini ya masharti ya wenye fedha mpya.

Si haki kusema hakimiliki peke yake ndiyo iliyoleta hasara hiyo. Kampuni ilikuwa na matumizi makubwa, na huduma yake ya kulipia ilichelewa hadi 2016, wakati washindani walikwisha kuenea. Lakini kampuni iliyojenga duka kwa bidhaa za watu ilikwenda kwenye meza ya mazungumzo ikiwa mdaiwa, na mdaiwa hapangi bei.

Mixcloud: kulipa kwanza

Mjini London, kampuni ya Mixcloud ilianza mwaka 2008 kwa njia tofauti. Ililenga miksi ndefu na vipindi vya redio, na ikaweka leseni za vyama vya kukusanya mirabaha kuwa msingi wa biashara. Nyimbo zilizomo ndani ya miksi hutambuliwa, na mirabaha hulipwa kwa wenye haki.

Masharti yake yalikuwa magumu kwa mteja. Msikilizaji hakuruhusiwa kupakua miksi. Nyimbo za msanii mmoja ziliwekewa kikomo, kwa kufuata sheria ya Marekani inayosimamia redio za intaneti: ndani ya saa tatu, zisizidi nyimbo nne za msanii mmoja, wala tatu za albamu moja.

Ma-DJ wengi walinung'unika, na mwanzoni umati ulikwenda Berlin kuliko London. Kwa karibu miaka kumi Mixcloud ilijiendesha bila mtaji mkubwa kutoka nje. Iliingia mkataba na Warner mwaka 2017, na mwaka uliofuata ikapokea dola milioni 11.5 kutoka kwa wawekezaji wakiongozwa na kampuni ya WndrCo.

Kiasi hicho ni kidogo ukilinganisha na fedha zilizopitia SoundCloud. Ila zilikuwa fedha za kukuza biashara, si za kuizuia isizame.

Kampuni kubwa zaidi nazo zimefuata njia ya kuhesabu nyimbo. Septemba 2021 Apple ilitangaza kwamba inatumia ufundi wa Shazam, kampuni iliyoinunua mwaka 2018, kutambua nyimbo zilizo ndani ya miksi ili wenye haki walipwe.

Onyo la tatu

Kwa DJ asiye na jina, hatari kubwa si mahakama. Ni kufungiwa.

Mitambo ya kutambua sauti, kama ule ulioanzishwa na YouTube mwaka 2007, husikiliza kila kinachopakiwa na kukilinganisha na orodha ya rekodi za wenye haki. Mwenye haki anaweza kuamua miksi izuiwe, au iachwe na mapato ya matangazo yaende kwake.

Pale malalamiko rasmi yanapofikishwa, mwenye akaunti hupewa onyo. SoundCloud na YouTube zote zimekuwa zikitumia kanuni ya maonyo matatu. Likifika la tatu, akaunti hufungwa. Miksi za miaka yote huondoka, pamoja na wasikilizaji waliokusanywa mmoja mmoja. Ni sawa na mfanyabiashara kukuta kibanda kimebomolewa na bidhaa ndani.

Habari zinazozungumzwa sana kwamba sekunde chache za wimbo ni halali hazina msingi wa jumla. Ujerumani, kwa sheria iliyoanza Agosti 2021, imeweka nafuu kwa kipande cha sauti kisichozidi sekunde 15, kisicho cha biashara au chenye mapato madogo mno, kwamba kisizuiwe papo hapo na mitambo. Nafuu hiyo ni ya muda, na hakuna miksi inayochezwa kwa sekunde 15 kila wimbo.

Afrika Mashariki nako

Wapo wanaodhani kwamba mambo haya yanawahusu Wazungu tu. Kenya iliingia katika Mkataba wa Berne unaolinda kazi za watunzi mwaka 1993, na Tanzania mwaka 1994. Maana yake, utunzi wa New York unalindwa Dar es Salaam, na wa Dar es Salaam unalindwa New York.

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001, ambayo marekebisho yake ya 2019 yaliongeza utaratibu wa kuzitaka kampuni za intaneti kuondoa kazi zinazolalamikiwa.

Kwa DJ wa Mombasa au Mwanza anayepakia miksi kwenye kampuni ya kigeni, sheria inayomfikia kwanza ni masharti ya kampuni hiyo. Mitambo yake haiulizi mtu anaishi wapi.

Lakini upo upande wenye nafuu. Msanii wa nyumbani anayemiliki utunzi na rekodi yake mwenyewe anaweza kutoa ruhusa zote mbili kwa barua moja. Ruhusa ambayo DJ wa London angeitafuta kwa mawakili wawili, huku inaweza kupatikana kwa kukaa mezani na kuandikiana.

Ya kuzingatia

Kwa DJ anayeanza: aweke miksi penye leseni ya kazi hiyo, aandike orodha kamili ya nyimbo, asitoe nafasi ya kupakua bila ruhusa, na ahifadhi nakala zake nje ya kampuni yoyote ya intaneti. Onyo la kwanza likija, alichukulie kama barua ya benki.

Kwa mwenye duka, baa au redio anayetaka kudhamini miksi mtandaoni: fedha za udhamini zikiingia, ile hoja ya kutokufanya biashara imekwisha. Ruhusa ziulizwe kabla ya jina la duka kutajwa.

Kwa mwenye mtaji anayeletewa mpango wa kampuni ya muziki ya intaneti, maswali ni manne. Je, leseni zipo au zinatarajiwa? Zinahusu utunzi, rekodi, au vyote viwili? Ni za nchi zipi? Na kwa kila shilingi 100 inayoingia, ngapi zinakwenda kwa wenye haki?

Mwenye kampuni akijibu kwamba hayo yatashughulikiwa wateja wakishakuwa wengi, huo ndio mwanya ambao SoundCloud ilipitia. Wateja walikuja kwa wingi, na wenye mali wakaja nyuma yao.