Lima Shamba Lako Kwanza: Ruzuku ya Kaya Maskini na Kazi ya Shamba

Mvua za kwanza zinaponyesha, wewe hulima shamba la nani kwanza? Huenda utalicheka swali hili. Utasema, "Kila mtu hulima shamba lake." Lakini wako wengi katika vijiji vyetu ambao hawalimi mashamba yao kwanza. Hulima mashamba ya watu wengine. Ya kwao huyalima mwisho, wakati mvua zimepungua na magugu yamekwisha kuota.

Watu hao si wavivu. Ni watu wenye njaa. Katika makala hii tutaona jinsi njaa inavyomwondoa mkulima katika shamba lake. Kisha tutaona jinsi fedha kidogo, zikitolewa kwa wakati, zinavyoweza kumrudisha.

KIBARUA NA NJAA

Tuchukue mkoa wa Dodoma. Huko mvua ni za msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba, na huisha Aprili. Mtama, uwele na karanga hupandwa mvua zinapoanza. Palizi hufanywa Januari na Februari. Mavuno huja kuanzia Mei.

Sasa tazama jambo hili. Miezi ya kupanda na kupalilia ndiyo miezi ambayo vihenge ni vitupu. Kazi ni nyingi kuliko wakati wowote, na chakula ni kidogo kuliko wakati wowote.

Familia isiyo na akiba hufanya nini? Alfajiri baba na mama huchukua majembe yao. Huenda kwa mwenye uwezo kuomba kibarua. Jioni hurudi na fedha kidogo, au unga wa kutosha chungu kimoja. Watoto hula na kulala. Kesho yake safari ni ile ile.

Lakini magugu hayangoji. Mtama unataka palizi ya kwanza wiki 2 hadi 3 tangu kuota. Palizi ikichelewa, magugu hunyang'anya mimea maji na chakula chake. Katika mashamba yenye kiduha hasara huwa kubwa zaidi. Hivyo mwenye kibarua huvuna kidogo. Kihenge chake huisha mapema. Msimu ukirudi, yeye ndiye wa kwanza kuomba kibarua tena. Njaa ya mwaka huu huzaa njaa ya mwaka kesho.

Mimi ni bwana shamba. Naweza kumfundisha mkulima huyu nafasi za kupanda, na faida ya mbegu inayokomaa mapema kama vile Macia. Atanisikiliza vizuri na kuelewa. Lakini hawezi kuyafanya akiwa katika shamba la mtu mwingine.

RUZUKU NI NINI?

Ruzuku ni fedha ambazo Serikali huipa kaya maskini bila kudai zirudishwe. Si mkopo. Hapa Tanzania kazi hiyo ilipewa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulioanza mwaka 2000.

Mwaka 2010 TASAF ilifanya majaribio katika wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 80 vilihusika. Vijiji 40 vilianza kupata ruzuku, na vijiji 40 vilisubiri ili matokeo yalinganishwe. Baadaye ukaja Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, katika Awamu ya Tatu iliyozinduliwa mwaka 2012. Kufikia mwaka 2015 mpango huo ulikuwa umeandikisha kaya zipatazo milioni 1 na laki 1.

Sehemu ya fedha hizo ilitolewa kwa masharti. Watoto wadogo wapelekwe kliniki. Watoto wa shule wahudhurie masomo. Kaya isiyotimiza masharti ilikatwa sehemu hiyo ya ruzuku.

TUFANYE HESABU

Katika kipindi cha kwanza cha mpango, kaya ilipewa shilingi 10,000 kwa mwezi. Kaya yenye watoto iliongezewa shilingi 4,000. Kila mtoto wa shule ya msingi aliongeza shilingi 2,000, lakini si zaidi ya watoto wanne.

Tuseme mama mmoja ana watoto wawili katika shule ya msingi. Kwa mwezi alipata:

Ruzuku ya msingi: 10,000
Ruzuku ya watoto: 4,000
Watoto wawili wa shule: 4,000
Jumla: 18,000

Malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili. Kwa hiyo mama huyu alipokea shilingi 36,000 kwa mara moja.

Pia kulikuwa na kazi za ajira ya muda, kama kuchimba lambo au kutengeneza barabara ya kijiji. Malipo yalikuwa shilingi 2,300 kwa siku, kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka. Zidisha: 2,300 mara 60 ni shilingi 138,000. Kazi hizi ziliwekwa katika miezi ya shida, na hazikuchukua siku nzima, ili mtu apate nafasi ya kwenda shambani kwake.

Viwango vilibadilishwa katika kipindi cha pili, kilichozinduliwa mwaka 2020. Lakini funzo ni lile lile. Fedha hizi si nyingi. Hazijengi nyumba ya ghorofa. Zinanunua unga wa siku kadhaa. Na siku hizo, mkulima hukaa katika shamba lake.

JE, RUZUKU HULETA UVIVU?

Maneno haya husemwa sana vijijini: "Tangu wapewe fedha za bure, hawa watu wamekuwa wavivu. Ukiwaita kibarua hawaji."

Ndugu msomaji, tuyapime maneno haya. Ni nani anayeyasema? Mara nyingi ni mwenye shamba kubwa ambaye alizoea kupata vibarua kwa bei ndogo. Ni kweli, vibarua hawakuja. Lakini je, wamelala? Usimtafute kibarua wako kitandani. Nenda ukamtazame katika shamba lake.

Jambo hili limechunguzwa katika nchi jirani. Huko Malawi na Zambia, kaya maskini zilizopata ruzuku zilipunguza kibarua cha mashambani na kuongeza kazi katika mashamba yao wenyewe. Kwa hiyo kazi haikupungua. Ilihamia upande wa pili wa mpaka.

Wengine husema fedha huishia kilabuni. Mlevi yuko kila mahali, kwa maskini na kwa tajiri. Lakini mwaka 2014 wataalamu wawili, Evans na Popova, walikusanya matokeo ya tafiti 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Hawakuona kwamba ruzuku huongeza matumizi ya pombe na tumbaku.

Na katika majaribio ya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino fedha zilikwenda wapi? Kaya nyingi zilijiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii. Watoto walinunuliwa viatu. Kaya maskini zaidi ziliongeza kuku na mbuzi. Je, hayo ni matumizi ya mvivu?

JIRANI ASIYEPEWA

Ruzuku huweza kuleta wivu. Jirani husema, "Mbona yeye kapewa, mimi sikupewa?" Ni swali la haki, na lijibiwe mkutanoni.

Lakini jirani naye hupata sehemu yake, ingawa haioni. Mama anayepokea ruzuku hununua unga kwa mwenye duka. Mwenye duka hulipa fundi. Fundi hununua mayai kwa jirani. Fedha ile ile hupita katika mikono mingi.

Wenzetu wa Kenya waliliona jambo hili katika wilaya ya zamani ya Siaya. Kati ya mwaka 2014 na 2017 kaya maskini zaidi ya 10,000 zilipewa fedha kwa njia ya simu. Kila kaya ilipata kiasi cha dola 1,000 za Marekani, fedha nyingi kuliko ruzuku yetu. Watafiti waliona kwamba hata kaya ambazo hazikupewa ziliongeza matumizi yao, kwa sababu biashara ilichangamka. Na bei za vitu zilipanda kidogo sana, hata asilimia 1 haikufika.

FEDHA IKICHELEWA

Hapa ndipo penye jambo kubwa. Shilingi 36,000 za Januari si sawa na shilingi 36,000 za Juni. Mwezi wa Januari zinampa mkulima siku za kupalilia. Mwezi wa Juni palizi imekwisha pita. Fedha itasaidia nyumbani, lakini haitarudisha gunia lililopotea shambani.

Zimekuwako nyakati ambapo malipo yalichelewa. Malipo yakichelewa wakati wa kilimo, mkulima hurudi kwenye kibarua, na shamba lake humezwa na magugu. Mtu anayeketi ofisini huona ni ucheleweshaji wa wiki chache. Mkulima huona ni msimu mzima. Kwa hiyo kila mwenye dhamana ya fedha hizi, kuanzia wilayani hadi kijijini, azichunge siku za malipo kama mkulima anavyozichunga siku za mvua.

KAMA KAYA YAKO INAPOKEA RUZUKU

Fanya mambo haya:

1. Kaeni pamoja, mke na mume, mpange kabla ya siku ya malipo. Fedha isiyopangwa haikai.

2. Chakula kiwe cha kwanza. Msione haya kula fedha ya ruzuku. Mwenye njaa hawezi kushika jembe.

3. Toa kidogo kwa kitu kinachozaa. Tuseme katika shilingi 36,000 umetumia 22,000 kwa chakula na 6,000 kwa sabuni na daftari. Zinabaki 8,000. Weka 2,000 katika kikundi cha akiba. Zile 6,000 zilizobaki zitumie kwa mbegu, au zianzishie mradi wa kuku.

4. Ukifuga kuku, wape chanjo ya kideri kila baada ya miezi 3. Ile inayotiwa tone moja jichoni ni rahisi kutumia. Shirikianeni na majirani, maana kichupa kimoja hutosha kuku wengi. Kuku wasiochanjwa huweza kufa wote kwa wiki moja.

5. Ukilipwa kwa simu au benki, usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Hata kiongozi hana haki ya kuijua.

Lakini tusisahau. Yuko bibi kizee anayelea wajukuu. Yuko mtu mwenye ulemavu mkubwa. Hawa hawana nguvu za kulima. Tusiwaulize, "Kuku wako wako wapi?" Wakila na wajukuu wakienda shule, ruzuku imekwisha fanya kazi yake.

MKUTANO WA KIJIJI

Utaratibu unataka kaya maskini zitajwe katika mkutano wa kijiji, mbele ya watu wote. Kisha kaya hizo huhojiwa kwa dodoso, na orodha hurudishwa mkutanoni ithibitishwe. Wananchi wenyewe huchagua kamati ya kusimamia.

Hata hivyo, mwaka 2016 ulipofanyika uhakiki, zilionekana kaya zisizostahili katika orodha, nazo ziliondolewa. Baadhi yao ni za watu wenye uwezo. Kaya kama hizo huweza kupita watu wasipohudhuria mkutano, au wakihudhuria wakanyamaza. Jina la mwenye uwezo likiingia, jina la maskini hutoka. Ukinyamaza, umemnyima mwenzako siku zake za palizi.

Kwa hiyo, mkutano ukiitwa, nenda. Orodha ikisomwa, isikilize. Sasa unajua kusoma: ikibandikwa ukutani, isome mwenyewe, tena msomee na jirani ambaye bado hajajua.

MASWALI YA KUJADILIANA

Jadilianeni maswali haya darasani au katika kikundi chenu:

1. Katika kijiji chenu, ni miezi gani vihenge huwa vitupu? Ni kazi gani za shamba hufanywa miezi hiyo?

2. Kaya ina ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000, ruzuku ya watoto ya shilingi 4,000, na watoto watatu wa shule ya msingi wa shilingi 2,000 kila mmoja. Itapata kiasi gani kwa miezi miwili?

3. Kwa nini mwenye shamba kubwa anaweza kumwita jirani yake mvivu, na jirani huyo akawa anafanya kazi kutwa?

4. Ni kaya gani kijijini kwenu iliyostahili kutajwa mkutanoni, lakini haikuwa na mtu wa kuisemea?