Ukurasa wa Gazeti Ukipunguzwa, Pima Kabla ya Kulipa

Chama chako cha ushirika kikitaka kuuza mafahali wa gredi, au kikitafuta fundi wa kujenga josho, huenda halmashauri ikaamua kutia tangazo katika gazeti. Fedha za tangazo hilo hutoka katika maziwa, chai na pareto ya wanachama. Kwa hiyo yafaa kila mkulima ajue jinsi gazeti linavyouza nafasi yake, na hasa ajue mambo yanayotokea wakati gazeti linapobadili ukubwa wa kurasa zake. Jambo hili si gumu. Mtu awezaye kupima shamba lake aweza pia kupima tangazo.

Gazeti pana na gazeti dogo

Magazeti ya kila siku yana ukubwa wa namna nyingi, lakini namna mbili zajulikana zaidi. Ya kwanza ni gazeti pana, ambalo ukilifungua lote hufunika meza nzima. Ya pili ni gazeti dogo, liitwalo tabloidi. Chukua ukurasa mmoja wa gazeti pana, uukunje katikati, nawe utaona kurasa mbili za gazeti dogo. Daily Nation, The Standard na Taifa Leo, ambayo wengi wetu huyasoma hapa Kenya, ni ya namna hii ya pili.

Pengine wauliza, kwa nini watu walipiga chapa karatasi kubwa namna ile? Sababu moja ni kodi. Mwaka 1712 serikali ya Uingereza ilianza kutoza kodi ya magazeti, na kodi yenyewe ilihesabiwa kwa karatasi. Mwenye gazeti aliyetumia karatasi kubwa alipata nafasi nyingi zaidi ya habari kwa kodi ile ile. Kodi hiyo ya stempu iliondolewa mwaka 1855, lakini desturi ya karatasi kubwa ikabaki, na watu wakazoea kufikiri kwamba gazeti pana ndilo gazeti la heshima.

Kwa nini ukurasa hupunguzwa

Wenye magazeti hupunguza ukurasa kwa sababu mbili kubwa. Kwanza, karatasi ni ghali. Huko Marekani, gazeti la Wall Street Journal lilipunguza upana wa ukurasa wake kutoka inchi 15 hadi inchi 12 mwezi wa Januari 2007. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo New York Times nalo likapunguza kutoka inchi 13 na nusu hadi inchi 12. Inchi hizo chache, zikizidishwa kwa kurasa zote na nakala zote za mwaka mzima, ni tani nyingi sana za karatasi.

Pili, msomaji hutaka gazeti awezalo kulifungua ndani ya gari bila kumpiga jirani yake kwa kiwiko. Kwa sababu hiyo, mwezi wa Septemba 2003 gazeti la The Independent la London lilianza kutoa nakala ndogo pamoja na zile pana. The Times likafuata mwezi wa Novemba, na kuanzia Novemba 2004 likaacha kabisa ukurasa mpana katika siku za kazi. The Guardian lilichagua ukubwa wa katikati, milimita 470 kwa 315, mwezi wa Septemba 2005, na ilibidi linunue mitambo mipya ya kupiga chapa ili lipate ukubwa huo. Hata hivyo, Januari 2018 likahamia tabloidi, nayo kazi ya kuchapa ikapewa mitambo ya kampuni nyingine.

Jinsi tangazo linavyouzwa

Ukurasa wa gazeti hugawanywa kwa safu zinazosimama wima, kama mistari ya mahindi shambani. Nafasi ya tangazo huuzwa kwa sentimita ya safu, yaani kipande chenye upana wa safu moja na kimo cha sentimita moja. Tangazo la safu 2 lenye kimo cha sentimita 10 ni sentimita za safu 20.

Sasa tazama hesabu hii ya mfano. Tuseme bei ni shilingi 450 kwa kila sentimita ya safu. Tangazo letu la sentimita 20 ni shilingi 9,000. Ikiwa kila safu ina upana wa sentimita 4 na nusu, umenunua sentimita za mraba 90, na kila moja ni shilingi 100. Halafu gazeti linapunguza ukurasa, na safu zinakuwa na upana wa sentimita 4. Bei ya sentimita ya safu haikubadilika. Bado ni shilingi 450. Bado unalipa shilingi 9,000. Lakini sasa umepata sentimita za mraba 80 tu, na kila moja imekuwa shilingi 112 na senti 50.

Je, bei imepanda? Katika karatasi ya bei haikupanda hata senti moja. Lakini kwa kweli imepanda kwa asilimia 12 na nusu. Ni sawa na kununua mahindi kwa debe lililobonyea. Debe ni lile lile kwa jina, na bei ni ile ile, lakini mahindi ni machache.

Mambo huwa makubwa zaidi kwa mtu anayenunua ukurasa mzima. Ukurasa ukipunguzwa nusu, na bei yake isipopunguzwa, kila kipande cha nafasi kimekuwa ghali mara mbili.

Maneno ya pande mbili

Mwenye tangazo husema, “Nimelipa bei ya ekari nzima, nimepewa nusu ekari.” Mwenye gazeti hujibu, “Wewe hununui karatasi, wanunua macho ya wasomaji. Ukurasa mzima ni ukurasa mzima, kwa kuwa msomaji akiufungua haoni kitu kingine.”

Kila upande una haki yake. Tangazo dogo katika gazeti pana hupotea kama ndama mmoja katika kundi kubwa la ng'ombe. Tangazo lile lile likiwekwa katika ukurasa mdogo huonekana vizuri, kwa maana majirani zake ni wachache. Tena gazeti pana hukunjwa katikati, na lililo chini ya mkunjo halionekani mpaka gazeti lifunguliwe.

Lakini liko tangazo ambalo lahitaji nafasi kweli kweli, kama orodha ya mnada wa ng'ombe pamoja na umri na maziwa ya kila mmoja. Orodha hiyo ikibanwa katika nusu ya nafasi yake ya zamani, herufi yenye kimo cha milimita 3 hubaki na milimita 2 na kidogo. Mzee mwenye macho dhaifu ataiacha, na pengine yeye ndiye mnunuzi mwenye fedha.

Tena usidhani kwamba kubadili ukubwa peke yake huleta wasomaji wa kudumu. The Independent liliongeza mauzo baada ya kuwa dogo, lakini baadaye mauzo yakashuka, na mwezi wa Machi 2016 likaacha kuchapwa kwa karatasi na kubaki katika intaneti tu.

Mambo ya kufanya

Halmashauri ya chama chenu ikipata habari kwamba gazeti limebadili ukurasa, ifanye hivi:

1. Chukueni nakala ya zamani na nakala mpya, mpime upana wa safu kwa rula. Msitegemee hesabu ya safu peke yake.

2. Zidisheni upana kwa kimo, kisha gawanyeni bei kwa jibu mlilopata. Hiyo ndiyo bei ya kweli. Ilinganisheni na ile ya zamani.

3. Ulizeni ni nakala ngapi zinazouzwa sasa, na ngapi zafika wilaya wanakokaa wanunuzi wenu. Wasomaji wakiongezeka kuliko bei ilivyoongezeka, hamkupata hasara.

4. Msitume tangazo la zamani ili lipunguzwe tu. Liandikeni upya, mwondoe maneno yasiyo na kazi, mkabakiza kitu kinachouzwa, mahali, siku, bei na namba ya simu. Kisha ombeni kuliona kabla halijachapwa.

5. Bei ya kweli ikiwa imepanda na wasomaji hawakuongezeka, ombeni mpunguziwe. Karatasi ya bei si sheria ya nchi. Anayeuza nafasi hujua kwamba nafasi isiyouzwa leo haiwezi kuuzwa kesho, kama vile maziwa yaliyolala bila kupozwa.

Mweka hazina na aandike hesabu hiyo katika kitabu cha chama, ili mwanachama yeyote akiuliza fedha zake zilinunua nini, apate jibu lenye vipimo.