Kuthibitisha, Kuapisha na Kuhakiki: Istilahi Tatu za Vitambulisho

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayefungua akaunti ya benki, au mwananchi anayefuata huduma katika ofisi za katikati ya Jiji la Dar es Salaam, mara nyingi huambiwa: “Nenda kwa wakili ukagonge mhuri.” Agizo hilo ni fupi, lakini huweza kubeba mambo matatu yasiyofanana. Asiyeyatofautisha huenda akalipia huduma isiyomfaa, na ombi lake likarudishwa. Makala haya yanakusudia kuyapambanua.

(a) Kuthibitisha nakala. Mwombaji hupeleka hati halisi pamoja na nakala yake. Wakili huzilinganisha, huandika kwamba nakala ni sahihi, kisha hutia sahihi na mhuri. Anachothibitisha ni ulinganifu tu. Hasemi kwamba hati yenyewe ilitolewa kihalali. Yafaa pia tuuepuke usemi “nakala halisi” kwa maana ya hati ya kwanza, kwani nakala ni kile kilichonukuliwa kutoka kwingine. Tuseme hati halisi na nakala iliyothibitishwa.

(b) Kuapisha. Tuchukue mfano wa mtu aliyeandikwa Asha katika cheti cha kuzaliwa na Aisha katika kitambulisho cha taifa. Huyu hutoa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, akieleza kwamba majina yote mawili ni yake. Mwenye kuubeba ukweli wa maneno hayo ni mwapaji. Kamishna hushuhudia kwamba kiapo kimetolewa mbele yake. Ndiyo maana Sura ya 12 ya Sheria za Tanzania, kifungu cha 8, inamtaka kamishna aandike jina lake, mahali na tarehe ya kiapo. Ikumbukwe kwamba kiapo hicho hueleza tofauti ya majina. Hakisahihishi daftari la vizazi.

(c) Kuhakiki. Kazi hii ni ya ofisi yenye kumbukumbu. Kwa mfano, mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu hutakiwa cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), ambao hukilinganisha na daftari lake. Mhuri wa wakili haushiki nafasi ya uhakiki huo.

Yaonekana basi kwamba neno kuthibitisha limeelemewa mno, kwa kuwa hutumiwa kwa mambo yote matatu. Tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, utata huo umekuwa na uzito zaidi, maana fomu na hati za Kiswahili ndizo zinazobeba haki ya mtu.

Kwa hiyo, mtumishi anayetunga fomu na aseme wazi ni tendo gani linalotakiwa na nani alitende. Mfasiri naye asiridhike na neno moja pale ambapo sheria inataja matendo matatu. Mwananchi akielewa agizo tangu mwanzo, hataipanda ngazi ya ofisi moja mara tatu.