Dawa Tangulizi kama Njia ya Kufikisha Gesi Tiba Mwilini

Ikisiri
Makala haya yanaeleza jinsi dawa tangulizi zinavyowezesha gesi kutumika kama tiba. Yanaanza na nitrogliserini, kisha monoksidi ya kaboni, na kubainisha maswali yanayowahusu watafiti na washauri wa sera.

1.0 Utangulizi
Mwili wa binadamu huzalisha oksidi ya nitriki, monoksidi ya kaboni na salfidi ya haidrojeni kwa viwango vidogo mno, nazo hupitisha ishara baina ya seli. Ugumu wa kuzitumia kama tiba umo katika kipimo. Kiasi cha gesi ivutwayo kinachofika kwenye tishu hutegemea upumuaji wa mgonjwa, na mitungi yake huhitaji uangalizi wa hospitali. Dawa tangulizi ni kampaundi ambayo hubaki bila utendaji mpaka ibadilishwe ndani ya mwili, kwa mfano na kimeng'enya. Gesi husafiri ikiwa imefungwa, kisha huachiliwa.

2.0 Funzo la nitrogliserini
Mwaka 1879 William Murrell alichapisha matokeo ya kutibu maumivu ya kifua yatokanayo na moyo kwa nitrogliserini. Utendaji wake ulieleweka takribani karne moja baadaye. Furchgott, Ignarro na Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa ugunduzi kuhusu oksidi ya nitriki. Kimeng'enya kilichomo katika mitokondria huibadili nitrogliserini, na mishipa ya damu hutanuka.

Hata hivyo, matumizi mfululizo huidhoofisha, hivyo mgonjwa huhitaji saa kadhaa bila dawa kila siku. Ikichanganywa na sildenafili, shinikizo la damu huweza kushuka hadi kiwango cha hatari. Aidha, vidonge vyake hupoteza nguvu kwa joto na hewa. Kuvihamishia katika bahasha ya karatasi ni kumpa mgonjwa kidonge kisichomsaidia.

3.0 Monoksidi ya kaboni
Katika ukanda wetu gesi hii hufahamika kwa vifo vya waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Hata hivyo, katika majaribio ya wanyama, kiasi kidogo kimepunguza uvimbe na madhara kwa tishu.

Vibebaji vya awali, kama CORM-2 na CORM-3, vilitumia metali ya rutheni. Ilibainika kwamba metali hiyo yenyewe hutenda ndani ya seli. Kwa hiyo si kila tokeo lililohusishwa na gesi lilitokana nayo. Ndiyo sababu maabara kadhaa, ikiwamo ya Binghe Wang nchini Marekani, zimeunda vibebaji visivyo na metali.

4.0 Hitimisho
Kila pendekezo la dawa ya aina hii lijibu maswali matatu: gesi kiasi gani huachiliwa, wapi, na mabaki ya kibebaji hufanya nini? Jaribio lisilolinganisha dawa na mabaki yake halitoshi kuwa msingi wa sera.